Bonasi ya Mwaka: Haki au Bahashishi?

Ndugu msomaji, mwezi wa Desemba unapokaribia, mfanyakazi huipokea bonasi yake mara mbili: kwanza kichwani, kisha mkononi. Ile ya kichwani ndiyo inayomponza, kwa sababu huanza kutumika kabla haijalipwa.

Mchukulie mfanyakazi wa kampuni mjini Tabora ambaye kwao ni Ntalikwa, kata iliyomo ndani ya Manispaa lakini ambayo watu wake wengi bado huishi kwa jembe. Mvua zimeanza. Mama yake mzazi anangoja mbolea ya mahindi, nyumba ya kijijini inangoja mabati, na watoto wanangoja sare na madaftari ya Januari. Mzigo wote huo umetwikwa bonasi. Ndipo tangazo linapobandikwa ubaoni: kampuni inakusudia kupunguza wafanyakazi. Tangu siku hiyo kila mmoja ananong'ona swali moja tu: "Na bonasi yetu je?"

Swali hilo ni la halali. Lakini kabla ya kuliuliza, yafaa tujue tunachodai ni kitu gani.

WAPAGAZI WALIJUA

Wazee wa Unyamwezi walilijua jambo hili zamani. Katika karne ya 19, Tabora ilipokuwa kituo kikuu cha misafara ya kwenda Ujiji na pwani, wapagazi walitofautisha vitu vitatu. Ujira ulipatanwa kabla ya safari, mara nyingi kwa mikono ya nguo kama merikani na kaniki. Posho ilikuwa chakula cha njiani. Bahashishi ilikuwa zawadi ya tajiri, akipenda. Posho ikipunjwa, wapagazi walitua mizigo au walitoroka, kwa kuwa ile ilikuwa haki yao. Bahashishi ilishukuriwa ikija, wala hakuna aliyeijengea nyumba kabla ya kufika.

Bonasi ya leo yaweza kuwa ujira, na yaweza kuwa bahashishi. Ikiwa imeandikwa katika mkataba wako wa kazi, au katika mkataba wa hali bora uliofungwa na chama cha wafanyakazi, pamoja na kanuni ya kuikokotoa, basi ni deni. Ikiwa barua inasema hutolewa kwa hiari ya mwajiri au kwa kutegemea faida, uko karibu zaidi na bahashishi. Na kampuni inayopunguza watu kwa ajili ya hasara haielekei kuwa na faida ya kugawa. Tazama pia kama kuna sharti kwamba anayelipwa ni yule tu aliye kazini siku ya malipo. Maneno machache ya namna hiyo yaweza kumkosesha mtu jasho la miezi 11.

YALIYO YAKO KWA SHERIA

Yapo, hata hivyo, mambo yasiyotegemea huruma ya mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, kisha ashauriane na chama au na wafanyakazi wenyewe: juu ya njia za kuepuka upunguzaji, namna ya kuchagua watakaoondoka, wakati wake, na kiinua mgongo. Meza hiyo ndiyo mahali pa kuuliza habari ya bonasi, na jibu liandikwe.

Anayepunguzwa anadai mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na notisi ya siku zisizopungua 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au malipo badala yake. Aliyetimiza mwaka mmoja hupata kiinua mgongo cha ujira wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Akiwa aliajiriwa mbali, kuna gharama za kumrudisha alikoajiriwa. Pia apewe cheti cha utumishi.

Tufanye hesabu. Mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 520,000 kwa mwezi, afanyaye kazi siku 6 kwa wiki, ujira wake wa siku ni karibu shilingi 20,000. Akiwa ametumika miaka 8, siku zake ni 56, na kiinua mgongo ni karibu shilingi 1,120,000. Fedha hizo zina msingi wa sheria. Afadhali mbolea na sare zipimwe kwa hizo. Aulize pia kwenye mfuko wake wa hifadhi juu ya fao la kukosa ajira, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2018.

KARATASI NI SHAHIDI

Watu wa Tabora, mji wa reli, hawahitaji kufundishwa madhara ya kungoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege waliachwa na madai ya mafao yao. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini mwaka 1984, lakini wastaafu wa Tanzania walilazimika kwenda Mahakama Kuu, na makubaliano yakafikiwa mwaka 2005, miaka 28 baadaye. Wengine malipo yaliwakuta kaburini, na warithi wakabaki kuhangaikia vielelezo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, weka pamoja barua ya ajira, mkataba, hati za mshahara na barua za bonasi za miaka iliyopita. Usitie saini karatasi isemayo kwamba hudai chochote kabla ya kuisoma na kuhesabu. Ukiona umeachishwa isivyo halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea shauri ndani ya siku 30. Madai mengine ya kazi, ndani ya siku 60.

La mwisho ni la nyumbani. Mweleze mwenzio ukweli mapema, na mama aliyeko Ntalikwa apelekewe habari kabla hajakopa mbolea kwa ahadi yako. Si aibu kusema, "Mwaka huu bonasi haina uhakika." Aibu ni mkopeshaji kuwa wa kwanza kuisema. Wahenga walituusia tusikate mbeleko kabla ya mwana kuzaliwa.