Mboga za Friza Zipikwe kwa Mvuke

Wengi wanaonunua minji, karoti au mahindi yaliyogandishwa huuliza kama vitamini zimekwisha. La. Kiwandani mboga hutiwa katika maji moto kwa muda mfupi kisha zikagandishwa, na vitamini nyingi husalia. Hupotelea jikoni mwako, unapozitosa katika sufuria iliyojaa maji: vitamini C huyeyuka humo, nawe ukayamwaga.

Chemsha maji ya kina cha vidole viwili. Weka mboga katika chujio la chuma juu yake, lisiguse maji, kisha ufunike. Usingoje barafu iyeyuke kwanza, zitakuwa teketeke. Minji huiva kwa dakika 3 hadi 5, karoti huzidi kidogo.

Hata hivyo, usizitoe zikiwa vuguvugu. Maji yale ya kiwandani hayaui viini vyote, na kiini kiitwacho listeria hustahimili baridi ya friza. Mwaka wa 2018 mahindi yaliyogandishwa Hungary yalihusishwa na ugonjwa huo katika nchi kadhaa za Ulaya, na watu walikufa. Mja mzito aweza kuhisi homa ndogo tu, kumbe mimba i hatarini. Basi, mama, usile saladi yenye minji iliyoyeyushwa bila kupikwa. Zipikwe hadi zifuke mvuke.

Stima ikipotea, usifungue friza. Iliyojaa huhifadhi baridi kwa takriban saa 48. Mboga zilizoyeyuka na kupata joto zitupe, hata kama pakiti ilikugharimu.