Maradhi ya Kutetemeka na Maumivu Yasiyoonekana

Wenyeji wa Kisesa wazijua vema ngoma za Bulabo, zichezwazo Bujora kila mwaka yapata mwezi wa Juni, Bagika na Bagalu wakishindana mbele ya mkutano mkubwa wa watu. Pembeni mwa uwanja huketi wazee. Pengine kati yao yuko mmoja ambaye mkono wake hutetemeka ukiwa umetulia juu ya paja, kidole gumba kikisuguana na cha shahada kana kwamba ahesabu fedha. Akiinuka, huinuka polepole. Akienda, huburuta miguu, na mkono mmoja haupungi kama mwenzake. Watu husema, "Ni uzee tu." Wako wasemao neno baya kuliko hilo, nalo tutalitaja mbele.

Maradhi hayo huitwa Parkinson, kwa jina la tabibu James Parkinson wa London, aliyeandika habari zake mwaka 1817. Chanzo chake ki ndani ya ubongo. Kuna chembe huko zifanyazo kitu kiitwacho dopamini, ndicho kiwezeshacho mwili kwenda kwa wepesi. Chembe hizo zikifa kidogo kidogo, viungo hukakamaa. Mfano wake ni mnyororo wa baisikeli uliokaukiwa na mafuta: baisikeli nzima, mpandaji ana nia, walakini magurudumu hayaendi ila kwa taabu. Maradhi haya hayaambukizi, wala hayana dawa ya kuyaondoa kabisa. Lakini ziko dawa za kuyapunguza.

Je, yako katika nchi yetu? Watu wa Kisesa wameizoea kazi ya kuhesabiwa, maana tangu mwaka 1994 watafiti wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuandika habari za afya. Kazi ya namna hiyo ilifanywa katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ili kuyatafuta maradhi haya hasa, na habari zake zilichapishwa mwaka 2008. Kati ya watu 161,071 walionekana wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajapata kuambiwa na tabibu ugonjwa wao ni nini. Wameishi nao miaka bila jina.

Sasa twaja kwenye neno lenyewe tulilolikusudia. Kutetemeka kwaonekana na kila mtu, maumivu hayaonekani. Mgonjwa wa Parkinson huumwa, na mara nyingi sana. Pengine bega moja huanza kuuma kabla mkono haujatetemeka, naye hupakwa dawa za baridi yabisi miaka miwili, mitatu, bila nafuu. Sababu si ngumu kuielewa. Msuli uliokakamaa haupumziki. Ni kama mtu aliyebeba gunia la pamba mchana kutwa asipewe nafasi ya kulitua. Tena kuna maumivu ya alfajiri: vidole vya mguu hujikunja chini, wayo hupinda, na mzee hushindwa kukanyaga. Wengine huhisi mwako kama wa pilipili, au ganzi. Naye hawezi kujigeuza kitandani, basi ubavu mmoja hulemewa usiku kucha.

Wajuapo wa nyumbani kwamba maumivu hayo yana saa zake, wamekwisha pata nusu ya msaada. Dawa kubwa ya maradhi haya huitwa levodopa; ikiingia ubongoni hugeuka kuwa dopamini. Nguvu yake hudumu saa kadhaa, kisha hupungua, na ipunguapo ndipo maumivu hurudi. Yale ya alfajiri huja mara nyingi kwa kuwa dawa ya jana imekwisha mwilini. Kwa hiyo twawaomba vijana wa shule kazi moja. Chukua daftari, upige mistari ya safu tatu: saa ya dawa, saa ya chakula, saa ya maumivu. Uandike siku saba, hata kama babu asema, "Acha, si kitu." Daftari hilo lipelekwe kwa tabibu, Bugando au hospitali nyingine iliyo karibu. Tabibu asiyeuona usiku wa mgonjwa atauona humo, naye aweza kubadili saa za dawa au kipimo chake. Nyumba isijibadilishie yenyewe. Wala dawa isikatwe ghafula, kwa kuwa mwili waweza kukakamaa wote na homa kali ikafuata. Twajua kwamba dawa yataka fedha kila mwezi. Basi tafadhali, semeni na tabibu mapema, kabla kidonge cha mwisho hakijaliwa.

Safu ile ya chakula tumeiweka kwa sababu. Samaki, nyama, maziwa na maharage vina chembechembe zinazoshindana na levodopa katika kuingia mwilini. Hatusemi mtu wa pwani ya Ziwa aache sato na dagaa; angekonda bure. Ameze dawa kwa maji, angoje nusu saa au zaidi, kisha ale. Dawa ikimchafua moyo, kipande cha muhogo au ndizi hakina neno. Na choo kigumu, kilicho taabu ya wengi wao, kitapungua kwa maji mengi, papai na mchicha.

Hapa tuseme kidogo habari za upupu, ule mmea uwashao ambao watoto huutupiana kwa utundu. Mbegu zake zina levodopa kweli, na watafiti wamezijaribu kwa wagonjwa. Lakini mbegu za shamba hili si sawa na za shamba lile kwa nguvu, na azidishaye huumia. Asizisage mtu nyumbani akamnywesha mzazi wake.

Nje ya dawa, mwili wataka kazi. Maji ya moto na kitambaa juu ya bega, mikono ya mjukuu ikikanda taratibu, kunyosha viungo asubuhi, kutembea kila siku hata kama ni hadi mtini na kurudi: hayo hupunguza maumivu. Kitanda kiwe na kimo cha kumwezesha kuinuka, na kamba ifungwe mchagoni ajivute ageuke.

Na lile neno baya ni hili. Maradhi haya huukausha uso. Mtu hufurahi moyoni na uso usionyeshe, hata wajukuu wadhani bibi amekasirika. Tena hupepesa macho mara chache, macho yakakauka, yakawa mekundu. Nasi sote twajua, katika Usukuma, vikongwe wangapi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni tu. Mwanamke mzee mwenye macho hayo, uso usiocheka, na mkono usiotulia yu katika hatari kuu, na hatari hiyo haitoki ubongoni mwake. Kule Hai pia wako waliodhani kuna uchawi. Huzuni imshikayo huongeza maumivu, nayo huzuni ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Tabibu aambiwe habari zake kama aambiwavyo habari za bega. Jirani akinong'ona, mtu wa nyumba hiyo na ajibu kwa sauti ya kusikika: bibi ana maradhi ya ubongo, jina lake Parkinson, na dawa yake hii hapa.

Limebaki jambo moja la kustaajabisha. Mgonjwa aweza kukwama mlangoni, miguu kama imegandishwa na udongo. Msimvute, ataanguka. Chora mstari wa mkaa sakafuni mbele yake, umwambie auruke. Au piga makofi kwa mwendo ulio sawa. Mara nyingi miguu hufunguka. Watu wa bugobogobo, waliozoea kuinua majembe pamoja kwa mlio wa ngoma, hawatashangaa sana. Kama nyumbani hakuna ngoma, debe tupu latosha.