Kabla ununue kamera, okoa sauti kwanza

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe. Karo iliponiishia nikaachana na chuo, nilikopa pesa nikanunua simu yenye kamera kali. Nilidhani hiyo simu ndiyo ingenifanya mpiga video. Kazi yangu ya kwanza ikawa ya kifamilia: ruracio ya binamu yangu, Murang'a. Shosho alisimama chini ya mparachichi, akatoa baraka zake kwa dakika kama saba hivi. Mimi nilikuwa mbali, nimevuta picha kwa vidole ndio aonekane karibu.

Picha ilitoka poa. Sauti? Upepo mtupu, na mtu anaosha sufuria huko nyuma.

Mwaka uliofuata shosho alituacha. Leo tuna video ya midomo yake ikisonga tu. Mamangu bado huitazama.

Kwa hivyo ukiniuliza ununue kamera gani, nitakuuliza kwanza: sauti yako iko aje?

Maikrofoni ya simu huokota kila kitu, kwa hivyo dawa ni kuisogeza karibu na mdomo. Huna maikrofoni ya shati? Azima simu ya pili, washa programu ya kurekodi sauti, zima mtandao ili isipigwe katikati, kisha itie kwenye mfuko wa shati wa anayezungumza. Piga kofi moja mbele ya kamera. Ukihariri, linganisha lile kofi kwenye picha na kwenye sauti, na kila kitu kitaenda pamoja.

Kama unarekodia bedsitter, kaa karibu na kitanda na nguo zilizoning'inia. Vitambaa humeza mwangwi; ukuta mtupu huurudisha.

Sasa mwangaza, ambao ni wa bure. Tazama dirisha, usilipe mgongo, la sivyo uso utakuwa kivuli cheusi. Nje, epuka saa sita mchana: jua likiwa utosini, macho hugeuka mashimo. Nairobi tuko karibu na ikweta, na jua hutua mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Ile saa moja kabla litue, hata ukuta wa mabati hupendeza.

Usiku ukiona mistari inacheza kwenye video, usilaumu simu. Umeme wetu ni wa hertz 50, na baadhi ya taa humetameta kwa kasi ambayo jicho halioni lakini kamera inaona. Kama simu yako inaruhusu, rekodi fremu 25 kwa sekunde badala ya 30.

Tukija kwa kamera yenyewe, futa lenzi kwanza. Si mchezo, hiyo simu imeshinda mfukoni na funguo. Tumia kamera ya nyuma. Gusa uso wa mtu kwenye skrini na ushikilie mpaka umakini ujifunge, ili picha isipaukepauke katikati. Usivute picha kwa vidole, sogea kwa miguu. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vikigusa mbavu, na utulie sekunde 10 kwa kila tukio. Na usikimbilie 4K: ina pikseli mara 4 za 1080p, itajaza simu kabla wazee wamalize kuongea.

Ukiambiwa simu haiwezi kazi ya maana, mtaje Sean Baker. Filamu yake Tangerine ya 2015 ilipigwa kwa iPhone 5s, pamoja na vifaa vichache vya kuongezea lenzi. Miaka 10 baadaye, mwaka wa 2025, alibeba tuzo 4 za Oscar kwa filamu nyingine, Anora.

Jambo la mwisho, na ndilo lingeniokoa siku ile: kabla shughuli ianze, rekodi sekunde 30, vaa visikizio, sikiliza. Kama husikii vizuri, sogea.

Wikendi hii, kabla uwaze kuhusu wafuasi, nenda nyumbani. Mketishe mzee wako karibu na dirisha, simu ya pili mfukoni mwake, umwambie aanze popote anapotaka.