Maji ya hori la Tudor, uliza kwanza yalipimwa saa ngapi

Jirani zangu wa Magogoni wakiniona narudi kutoka Junda na matope hadi magotini, swali huwa ni moja: yale maji ni machafu au si machafu? Mimi hujibu kwamba inategemea umeyapima saa ngapi, nao hudhani nakwepa.

Hori la Tudor hupokea mito ya Kombeni na Tsalu mvua zikinyesha, na bahari huingia mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na uchafu mwingi hutoka nayo. Maji mafu hayana nguvu hiyo. Tena katika maji mafu kupwa huangukia mwendo wa saa kumi alfajiri, na hiyo ndiyo saa mbaya.

Sababu ni hii. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku hautoi, huvuta tu, sawa na samaki na vijidudu vinavyoozesha taka za vyoo. Hivyo oksijeni hufika chini kabisa kabla jua halijachomoza. Ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wengi hukimbia au hufa, na vifaranga waliojificha mikokoni hawana mbio za kukimbia. Hao ndio samaki wetu wa miaka ijayo. Anayechota chupa moja saa nane mchana atapata tarakimu nzuri, isiyo ya uwongo, ila haijasema kitu. Ripoti isiyotaja saa wala hali ya maji mimi siisomi.

Harufu nayo hudanganya. Matope ya mikoko hunuka yai bovu hata pasipo na choo karibu. Afadhali kuhesabu mashimo ya kaa, maana ndiyo yanayoingiza hewa ardhini, na kutazama mizizi ya mchu iliyosimama kama penseli. Ikizikwa na tope, mti hukosa pumzi. Mikoko ya Mwache ilikufa hivyo baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Basi akija mtu barazani na karatasi ya vipimo, muulizeni: yalichotwa saa ngapi, na yalikuwa bamvua au maji mafu?