Giza la Miwani Si Kinga

Wahenga walinena kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Nami naongeza kwamba si miwani yote myeusi ni kinga. Kila likizo tunaona watoto wadogo wamevaa miwani ya jua ya kuchezea, nasi tunacheka tukisema, "Tazama huyu bwana mkubwa!" Kumbe miwani ile yaweza kumdhuru.

Mwanga wa jua hubeba miale ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni. Ikiingia machoni mwaka baada ya mwaka, huchangia ugonjwa wa mtoto wa jicho uzeeni. Sasa, kwa nini tuhangaike na watoto? Kwa sababu lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho la mtoto ni angavu kuliko ya mtu mzima, hivyo miale mingi zaidi hupenya hadi nyuma ya jicho. Isitoshe, mtoto hushinda nje akicheza.

Mboni ya jicho hujibana juani na kupanuka gizani. Ukimvisha mtoto miwani myeusi isiyozuia miale hiyo, mboni hudhani jioni imefika. Basi inafunguka, na miale inaingia kwa wingi. Hapo afadhali asivae kitu, kwa maana angekunja macho.

Je, tuchague vipi? Kwanza, tafuta maandishi UV400, yaani lenzi inayozuia miale yenye urefu wa mawimbi hadi nanomita 400. Kinga hii haitegemei rangi; hata lenzi isiyo na giza yaweza kuwa nayo. Lakini karatasi yoyote hubandikwa, kwa hivyo ni vyema kumwona fundi wa miwani mwenye kifaa cha kupima. Pili, chagua lenzi za polikabonati, ambazo hazivunjiki ovyo kama kioo mtoto akianguka. Tatu, rangi ya kijivu ni nzuri kwa kuwa haibadilishi sana rangi za vitu. Nne, miwani iwe pana, imkae sawasawa, na kofia isisahauliwe.

Wengine watasema, "Huku kwetu Eldoret ni baridi, jua halina nguvu." La hasha! Kila ukipanda mita 1,000, miale hii huongezeka kwa takriban asilimia 10, na Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Baridi haizuii miale.

Mwisho, tuwakumbuke wenzetu wenye ualbino. Macho yao yana upungufu wa ile rangi ya asili inayopunguza mwanga, na jua huwaumiza. Kwao miwani si maringo. Mwanafunzi wa aina hiyo akivaa miwani uwanjani wakati wa gwaride, tusimcheke wala tusimwambie aivue. Na wewe ukitumwa sokoni kumnunulia mdogo wako miwani, usiulize tu, "Ni pesa ngapi?" Uliza pia, "Inazuia nini?"