Tulizivaa Sisi Kwanza

Sisi ni akina mama wawili, mmoja mzaliwa wa Tanga na mwingine wa Malindi, tunaoishi na familia zetu kusini mwa Uingereza. Tangu utoto wetu bahari ni maji ya uvuguvugu. Kwa hiyo, watoto wetu walipojifunza mchezo wa ubao wa tanga wakati wa kiangazi, nasi tukajifunza pamoja nao bila wasiwasi. Katika mchezo huu mtu husimama juu ya ubao, akashika kwa mikono miwili tanga lililo kwenye mlingoti unaolazika upande wowote, na upepo humpeleka.

Taabu ilianza walipoomba kuendelea hata majira ya baridi. "Mama, kuna nguo zake!" walisema. Tulikaa, tukaomba, tukakubaliana kwamba nguo hizo tungezivaa sisi kwanza.

Siku ya majaribio

Jumamosi moja ya Februari tulikwenda Kisiwa cha Hayling, karibu na Portsmouth. Ni hapo mwaka 1958 mvulana wa miaka 12, Peter Chilvers, alipotengeneza ubao wake wenye tanga, na baadaye mahakama ya Uingereza ilikubali ushahidi huo. Maji yalikuwa nyuzi 8 tu za Sentigredi. Kule kwetu pwani, kwa kawaida hayapungui nyuzi 24.

Suti tulizonunua ni za mpira laini uitwao neoprini, wenye viputo vidogo vya hewa ndani yake. Unene wake ni milimita 5 kifuani, 4 miguuni na 3 mikononi. Suti hii haizuii maji yote. Huruhusu maji kidogo kuingia, nayo hupashwa joto na mwili na kubaki hapo. Ndiyo maana ni lazima ibane. Mmoja wetu, kwa kuona haya umbo lake baada ya uzazi wa nne, alichagua suti pana kidogo. Pia alichagua glavu nene kuliko zote dukani, akidhani unene ndio usalama. Mwenzake alivaa suti ya kubana na glavu zilizo wazi viganjani. Wote wawili tulikuwa na kofia za mpira za kufunika masikio, buti za mpira na majaketi ya kuokolea.

Dakika ishirini za kwanza tulicheka kama wasichana. Kisha mwenye suti pana akaanguka. Maji ya baridi yaliingia mgongoni kwa nguvu, akakosa pumzi. Alipopanda tena ubaoni, vidole havikuweza kukunjika. Glavu nene zilikuwa zimemlazimisha kukaza mikono tangu mwanzo, na sasa misuli ilikuwa imechoka kabisa. Alijaribu kuliinua tanga mara mbili, likamponyoka mara mbili.

Alikumbuka tuliyofundishwa: usiuache ubao. Alilala juu yake akaomba Mungu. Tulikuwa tumechagua siku ya upepo unaovuma kuelekea nchi kavu, nao ukamsukuma polepole mpaka mwenzake akamfikia. Laiti upepo ungekuwa wa kutoka nchi kavu, ungempeleka mbali.

Tuliyojifunza

Maji huondoa joto la mwili upesi sana kuliko hewa, yapata mara 25. Mtu akiingia ghafla katika maji ya baridi, dakika ya kwanza huhema bila kujizuia. Asihangaike, aelee chali mpaka pumzi itulie. Baada ya hapo vidole na mikono hulegea, mara nyingi katika muda wa dakika kumi hivi. Suti nzuri haiondoi hatari hizo, lakini humwongezea mtu muda wa kurudi.

Kwa mama mwenye mtoto anayeipenda bahari ya nchi za baridi, tunashauri haya:

Suti ibane kwapani, kiunoni na mgongoni. Usinunue kubwa ili "akue nayo".

Glavu zijaribiwe kwa kushika fimbo kwa dakika kadhaa kabla ya kulipa.

Asiende peke yake, wala siku ya upepo unaotoka nchi kavu.

Atoke majini kabla hajaanza kutetemeka. Avuliwe nguo mbichi, avikwe kavu, apewe chai tamu ya moto. Pombe asipewe.

Jua la Aprili lisikudanganye. Bahari ya huku huwa baridi kuliko wakati wote mwezi Februari na Machi, nayo hupata joto polepole mno.

Jioni ile tuliwaita watoto. Kijana mkubwa, mwenye miaka 17, tulimruhusu kwa masharti hayo yote, tena kwa nusu saa tu. Wadogo tuliwaambia wangoje hadi Juni. Walinuna siku mbili.

Katika Mithali 31 tunasoma habari za mama asiyeogopa theluji, kwa sababu watu wa nyumbani mwake amewavika vizuri. Zamani tulidhani ni mama jasiri tu. Sasa tunaona kwamba kwanza aliishughulikia nguo kwa mikono yake mwenyewe, akaijua.

Suti pana tumempa dada mmoja wa kanisani ambaye inamkaa barabara. Zile glavu nene tunazivaa asubuhi, tukikwangua barafu kwenye vioo vya gari.