Nani Atamfundisha Mwanafunzi Kutafuta Kosa?

Juma lililopita kijana mmoja aliyekuja ofisini mwetu kwa mafunzo ya kazi aliniletea programu aliyoiunda ya kukokotoa karo. Ilikuwa kazi nadhifu, mistari imepangwa ikapangika. Hata hivyo ilikuwa na dosari: mzazi aliyekwisha kulipa karo yote kwa awamu tatu alionekana angali na deni. Nikamwuliza kijana salio lilikuwa shilingi ngapi mzunguko wa pili ulipoanza. Alinitazama, kisha akaitazama mashine. "Sijui, mzee," alisema. "Hebu niiulize."

Aliyetaka kuiuliza ni programu ya akili bandia, ndiyo iliyomwandikia sehemu kubwa ya kazi ile. Simlaumu. Zana hizo, tangu zilipoanza kuenea mwaka 2021 na 2022, mimi pia huzitumia takriban kila siku. Lakini jibu lake lilinirudisha mbali, katika chumba cha kompyuta cha chuo kimoja jijini Nairobi, ambako wanafunzi watatu tuligawana mashine moja yenye kiwambo cha buluu na herufi za manjano. Zana tuliyofundishwa kwayo iliitwa Turbo Pascal.

Lugha yenyewe ya Pascal ilibuniwa na Niklaus Wirth, profesa wa Uswisi aliyefariki tarehe 1 Januari, 2024. Aliitangaza mwaka 1970 akinuia hasa iwe lugha ya kufundishia. Mwaka 1983 kampuni ya Borland ya Marekani ikaanza kuuza Turbo Pascal kwa dola 49.95, ilhali zana za aina hiyo wakati ule aghalabu ziligharimu mamia ya dola. Msingi wake ulikuwa kazi ya kijana wa Denmark, Anders Hejlsberg, ambaye baadaye aliongoza ubunifu wa lugha za C# na TypeScript katika kampuni ya Microsoft. Toleo la tatu lilikuwa faili moja isiyofika kilobaiti 40. Ndani yake mlikuwa na mahali pa kuandikia programu pamoja na kompaila ya kuitafsiri. Disketi moja ya megabaiti 1.44 ingebeba faili kama hizo thelathini na ushei. Zana nitumiayo leo hujaza mamia ya megabaiti kabla sijaandika neno hata moja.

Udogo huo ulikuwa na faida ambayo hatukuitambua wakati ule. Zana nzima ilienea kichwani mwa mwanafunzi. Ukisahau nukta-mkato, kompaila ilisimama papo hapo na kutangaza kosa nambari 85, kwamba nukta-mkato ilitarajiwa. Tena ilikuonyesha mstari uliofuata, maana hapo ndipo ilipogundua kuwa kuna kilichokosekana juu. Nilipoteza dakika nyingi nikiukagua mstari usio na hatia. Tangu hapo sijasahau kwamba mahali kosa linapoonekana na mahali lilipozaliwa huenda pakawa mbalimbali.

Waama, zawadi kubwa kuliko zote ilikuwa kitufe cha F7. Kuanzia toleo la tano, lililotoka mwaka 1988, mwanafunzi aliweza kuitembeza programu yake mstari mmoja baada ya mwingine, na kando yake akafungua kidirisha cha kuonyesha thamani ya kila kigeu alichokitaja. Mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kutuzuia kugusa kitufe hicho kabla hatujaandika daftarini thamani tuliyoitarajia. Akipita nyuma yetu huuliza, "Umetabiri?" Ukibonyeza, ama unatabasamu ama unaanza kujikuna kichwa. Ndivyo tulivyoelewa mizunguko, na ndivyo wengine wetu tulivyogundua kuwa tulikuwa tumeikariri tu.

Wazee tuna tabia ya kuipaka sukari jana yetu, kwa hiyo niseme pia yaliyokuwa machungu. Umeme ulipokatika kabla hujahifadhi kazi, saa mbili za jasho zilipotea. Data za kawaida za programu hazikuweza kupita kilobaiti 64. Kisha likaja jambo la kuchekesha: mashine zilipozidi kasi, miaka ya mwisho ya tisini, programu nyingi za Turbo Pascal zilikufa zilipoanza tu, zikitoa kosa nambari 200. Zilikuwa na hesabu ya kupima mbio za mashine, na jibu la hesabu hiyo likawa kubwa kuliko nafasi lililotengewa. Zilikufa kwa kuwa mashine zilikuwa nzuri mno.

Isitoshe, kila kizazi hushuku zana za vijana wake. Mwaka 1975 msomi wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika maneno makali juu ya lugha ya BASIC, iliyoanzishwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, kwa ajili ya wanafunzi wasiosomea sayansi. Alidai waliofunzwa nayo waliharibika kiasi cha kutofundishika tena. Watu hao hao ndio wengi wao waliojenga mashirika ya programu ya miaka iliyofuata.

Kwa hivyo sidai shule zirejee kwenye kiwambo cha buluu, ingawa mwalimu mwenye kompyuta kuukuu anaweza kupata Free Pascal bila malipo, na sura yake ni ile ile. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtalaa wa kufundishia uundaji programu katika shule za msingi na za upili. Ombi langu kwa walimu watakaoutekeleza ni dogo: mtengeni vipindi vya kutembeza programu hatua kwa hatua, daftari likiwa mezani na akili bandia ikiwa imezimwa. Zana zote kubwa za leo zina kitufe cha kazi hiyo. Wanafunzi wengi ninaokutana nao hawajawahi kukibonyeza.

Yule kijana naye hakuwa amewahi. Nilimwonyesha, nikamtaka atabiri kwanza. Aliandika shilingi elfu kumi na mbili. Kiwambo kikaonyesha elfu kumi na nane, karo kamili ya muhula. Alikaa kimya kitambo, kisha akacheka peke yake: salio lilikuwa likirudishwa mwanzo kila mzunguko ulipoanza. Aliuhamisha mstari mmoja tu juu ya mzunguko. Kisha, kabla sijaondoka, akaniomba daftari.